Jogoo wa Pakiti ya Chai

Kisanduku kilifika Jumanne kutoka Halifax,
stempu saba zimebandikwa upogo,
na ndani, juu kabisa, mwandiko wa Larysa:
Mama mkubwa, arobaini ya mama ni tarehe kumi na mbili.
Tunatengeneza albamu, kila mtu ukurasa mmoja.
Hizi nilizikuta chini ya kitanda chake.

Nje, Yorkton yote imefukiwa na theluji.
Wasemao ndugu wakigombana shika jembe ukalime
hawaijui Januari ya huku:
jembe litadunda, mpini utakatika,
na mkulima atarudi ndani kuchemsha chai.

Mimi na Dokia tuligombania cherehani.
Ya mama, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika ubavuni.
Niliibeba siku ya mazishi, kabla sahani hazijaoshwa.
Basi.
Miaka ishirini na miwili.

Mwaka wa tatu wa kununiana nilimkata jogoo
kwenye pakiti nyekundu ya chai,
nikambandika juu ya kadi ya kijivu.
Chini yake nikagonga muhuri niliouchonga kwenye kifutio,
neno moja la heri, na herufi moja imetazama nyuma,
maana nilisahau kwamba muhuri huchongwa kinyume.
Sikuandika zaidi.

Pasaka jogoo akarudi.
Amekatwa pembeni kwa mkasi, amepandishwa juu ya karatasi ya samawati,
amechorwa jicho kwa penseli.
Yeye naye hakuandika kitu.

Jicho! Mimi sikuwa nimempa jicho.

Krismasi nikampeleka tena, na Pasaka akaja tena.
Mkia uliponyofoka nilimtilia wa karatasi ya peremende.
Dokia akampaka kishungi kwa rangi ya kucha.
Mwaka mmoja alirudi na harufu ya vitunguu,
nikajua alitengenezewa jikoni, kama ninavyofanya mimi,
kati ya sufuria na sufuria.

Novemba iliyopita zamu ilikuwa yangu.
Wino ulikuwa umekauka kwenye kibweta chake, vidole vinauma.
Nikasema, wiki ijayo. Nikasema, mwezi bado mrefu.
Sina cha kuongeza hapo.

Sasa nazitoa kadi zangu, kumi na tisa,
na katika kila moja kuna tundu lenye umbo la jogoo.
Alikuwa akimkata, akimtuma, na kuitunza kadi iliyobaki na dirisha lake.
Mimi za kwake nilikuwa nikizitupa.
Wacha nilitaje na hilo.

Nazipanga, ya zamani juu.
Matundu hayalingani. Kila mkasi, wake na wangu, ulimmega kidogo,
unyoya hapa, ukucha pale,
kwa hiyo shimo linashuka likipungua, kadi kwa kadi,
mpaka chini, ambako jogoo wangu,
aliyekuwa akijaza kiganja,
leo hazidi stempu ya posta.

Gundi haiwezi unene huu.
Naivua cherehani shuka lake. Mafuta, matone mawili. Uzi mwekundu.
Umeme siuthubutu; nazungusha gurudumu kwa mkono,
tundu moja, kisha tundu jingine,
na sindano inakohoa, inagoma, inapita.
Ukingo umekwenda mshazari. Mama angenifumulisha.
Dokia angecheka kwanza, ndipo anifumulishe.

Juu nimegonga muhuri uleule, na herufi yake iliyogeuka.
Jogoo sikumtia gundi. Nimemlaza chini ya kisima, jicho juu.

Larysa, ukiuinamisha ukurasa
atakudondokea mapajani.
Mkasi unao.